Filamu kumi za moshi: shajara ya mradi, Kisumu

11 Januari

Filamu kumi za Ilford HP5 Plus zimefika leo na basi la usiku kutoka Nairobi, zimefungwa kwa gazeti ndani ya boksi la viatu. Kila moja ina fremu 36. Jumla ni 360, na sina uwezo wa kuagiza nyingine kabla ya Pasaka, kwa hiyo bajeti ya mradi huu nitaihesabu kwa fremu.

Mradi wenyewe: watu wanaopika na kuuza barabarani hapa Kisumu, wakiwa kazini, kwa nyeusi na nyeupe. Wiki hii nimeulizwa mara tatu kwa nini nisipige kwa rangi. Jibu langu ni mwavuli. Nenda kituo chochote cha magari hapa mjini uangalie wanaouza chakula wameketi chini ya nini. Miavuli, turubai na kuta za vibanda zimejaa rangi za kampuni za simu, za soda, za unga wa ngano. Mama akiketi chini ya turubai la kijani, uso wake kwenye picha ya rangi unatoka kijani kama wa mgonjwa wa nyongo. Jirani yake aliye chini ya mwavuli mwekundu anaonekana kama ana hasira. Mwaka jana nilijaribu kwa kamera ya dijitali, nikaishia na picha mia mbili za matangazo ya watu wengine, na wapishi wamo ndani kwa bahati tu.

Kamera ni Nikon FM2 aliyoniachia mjomba, na lenzi moja ya milimita 50. Betri yake ni ya mita ya mwanga tu, shata inajiendesha bila umeme. Sharti nililojiwekea: siku ya kwanza mahali popote, kamera inakaa kwenye mkoba. Nanunua, nakula, naonekana.

13 Januari

Mtaa wa Obunga, bila kamera.

Kwa asiyejua: samaki aitwaye mbuta, au sangara, aliletwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na viwanda vya samaki vilipoanza kumchuna kuanzia miaka ya 1980, minofu ikaenda ng'ambo na mifupa ikabaki huku. Kichwa, uti wa mgongo, mkia, na nyama kidogo iliyong'ang'ania ubavuni. Hiyo ndiyo mgongo wazi. Akina mama wa Obunga huinunua, huianika, kisha huitumbukiza kwenye karai la mafuta, na mtaa mzima hunukia kazi yao.

Nimekula kichwa na ugali kwa mama ambaye wenzake humwita Nyar Seme, kwa kuwa alizaliwa Seme. Ana makarai mawili, mafiga ya mawe, na paa la mabati yaliyoiva kwa moshi hadi yamekuwa meusi kama ndani ya sufuria. Ameniangalia nikila mpaka nikamaliza macho ya samaki, ndipo akauliza:

"Wewe ni wa kanjo, askari wa kaunti?"

"Hapana, mama. Mimi ni mpiga picha."

"Wa gazeti?"

"Wa mwenyewe tu."

"Nyathina, mwanangu, wa mwenyewe ndiye mbaya zaidi. Wa gazeti ana haraka, ataondoka."

Nimerudi nyumbani Migosi nikicheka peke yangu kwenye boda. Sijui kama hiyo ilikuwa ruhusa. Nimeamua kuichukua kama ruhusa.

16 Januari

Filamu ya kwanza, fremu zote 36, Obunga. Na kosa la kwanza.

Nyar Seme alikuwa ananyanyua mgongo mzima kutoka kwenye karai kwa chuma chake kirefu, mafuta yakichuruzika, moshi nyuma yake ukipigwa na jua. Nilikuwa sijalenga vizuri. Nikasema, "Mama, hebu urudishe kidogo ushike hapo hapo." Akarudisha. Akashika. Nikapima mwanga, nikasogea, nikapima tena kwa sababu moshi mweupe hudanganya mita: inaona weupe mwingi, inakuambia upunguze mwanga, na uso wa mtu mweusi unazama gizani. Nikafungua lenzi stopu moja na nusu, mwanga zaidi uingie. Nikapiga fremu tatu. Kufikia hapo samaki alikuwa ameungua mkia wote.

Hakusema neno. Alimfunga kwenye gazeti akanipa. "Shilingi mia moja."

Nililipa, na nimemla leo jioni, sehemu iliyolika. Kuanzia sasa sitamwambia mtu ashike, arudie, wala ageuke. Najua wapo waliofanya kinyume na wakafanya vizuri. Irving Penn, mwaka 1950 na 1951, aliwaita wachinjaji, waokaji na wafanyakazi wengine wa Paris, London na New York waje studio na nguo na vifaa vyao vya kazi, akawapiga mbele ya pazia tupu. Picha zile nazipenda sana. Lakini mwokaji wa Penn hakuwa ameacha kitu jikoni. Hapa kila sekunde ninayoomba iko ndani ya mafuta.

19 Januari

Jumapili, soko la Kibuye. Watu kama siafu. Filamu ya pili kwa mama wa uji na vijana wa muwa. Sikupata kitu cha maana, kila mtu alikuwa mbele ya kila mtu.

22 Januari

Nimeanza kuosha filamu, nikaanza na ya Kibuye kwa kuwa ndiyo isiyoniuma sana. Afadhali nilifanya hivyo.

Dawa ya kuoshea ni ID-11. Jedwali linasema dakika saba na nusu ikiwa dawa ina nyuzi 20 za joto. Maji ya mfereji wetu leo yalikuwa na nyuzi 27, na dawa iliyokaa jikoni hali kadhalika. Joto likipanda muda unapunguzwa, kwa hiyo nikapiga hesabu nikashuka hadi chini ya dakika nne. Muda mfupi hivyo ni hatari: dawa inashika upande mmoja kabla ya mwingine. Filamu imetoka na mistari inayoshuka kutoka kwenye vitundu vya pembeni, na mama wa uji amepigwa mstari mweupe usoni kama askari wa parade aliyekosea rangi.

23 Januari

Filamu ya tatu, Kondele, kijana wa chapati chini ya barabara ya juu. Anakanda, anasukuma, anageuza, anahesabu chenji, yote kwa mikono miwili. Mikono mizuri. Nitarudi.

25 Januari

Suluhisho la joto limetoka kwa samaki wenyewe. Wauza samaki wana barafu, na barafu ya samaki inauzwa kwa ndoo. Nimenunua nusu ndoo, nikaiweka kwenye karai la kufulia, nikasimamisha ndani yake chupa za dawa na tangi la filamu hadi kipimajoto kikasoma 20. Dawa nimeichanganya na maji kiasi sawa, kwa hiyo muda unakuwa dakika 13, hakuna kukimbizana. Chumba kimenuka ngege mpaka usiku, lakini filamu ya Obunga na ya Kondele zimetoka safi. Negativu zimening'inia kwenye kamba ya nguo. Nimeziangalia dhidi ya dirisha mara nyingi kuliko inavyohitajika.

30 Januari

Siku ndefu. Niiandike kabla sijalala.

Nilichapa picha ndogo kumi na mbili studio mjini nikazipeleka kwa wenyewe. Nilikuwa na majivuno kidogo, nakiri. Ile ya Nyar Seme akiinua samaki ilikuwa imetoka kama nilivyoota: moshi, mkono, jasho shingoni, mafuta yanayodondoka.

Aliishika kwa ncha za vidole kwa sababu mikono ilikuwa na mafuta. Akaiangalia kitambo. Akamwita jirani yake wa karai la pili, akamwonyesha, wakaongea Kijaluo kwa haraka. Kisha akanigeukia.

"Umeniunguzia samaki."

Nikamwambia, mama, yule nilimlipia. Akasema si huyo. Hawa wote. Akagusa picha moja baada ya nyingine: huyu ameungua, huyu ameungua, huyu ni makaa. Katika karai lake samaki ni wa rangi ya dhahabu, hafiki hata hudhurungi. Kwenye karatasi yangu wote walikuwa kijivu kizito kinachokaribia weusi. "Mtu akiona hii atasema Nyar Seme anauza makaa. Nani atanunua?"

Jioni Kondele mambo yalikuwa yale yale, kwa mdomo mwingine. "Buda, hii chapo imeungua ama ina ugonjwa?" Yale madoa ya hudhurungi yanayoonyesha chapati imeiva, kwangu yamekuwa vidonda. Na kachumbari kwenye bakuli lake, nyanya na dhania, vyote kijivu kimoja. "Ni kama umeniwekea simiti."

Niliondoa rangi ili niondoe matangazo, na sikufikiria kwamba rangi ndiyo inayomwambia mpishi kwamba chakula kimeiva. Kwa yeyote asiyejua kukaanga picha zangu ni nzuri. Kwa anayejua, ni picha za hasara.

2 Februari

Vioo vya rangi mbele ya lenzi. Nina chekundu na cha njano, na rafiki anayepiga harusi ameniazima cha kijani. Kanuni ni rahisi: kioo hupitisha rangi yake na kuzuia iliyo kinyume nayo. Kwa kioo chekundu, nyanya inang'aa karibu na nyeupe na dhania inakuwa nyeusi. Kwa cha kijani, nyanya inazama na dhania inapanda. Kwa hiyo kachumbari inaokoka kwa kimoja kati ya hivyo viwili. Samaki wa dhahabu naye angepanda kwa kioo chekundu, awe na kijivu chepesi kama anavyostahili.

Nimepiga filamu ya nne nzima kwa majaribio, nusu Obunga nusu Kondele, nikiandika kila fremu kwenye daftari.

6 Februari

Matokeo. Kioo chekundu kimemwokoa samaki na kumharibu mama.

Ngozi yetu ya kahawia ina wekundu mwingi ndani yake, kwa hiyo kioo kile kile kinachoangaza samaki kinaangaza na uso. Nyar Seme ametoka mweupe kuliko alivyo, midomo imefifia, kana kwamba amepakwa zile krimu. Na moshi umepungua nusu, kwa sababu moshi mwembamba wa kuni una ubuluu ndani yake na kioo chekundu kinaula. Nimebaki na mwanamke asiye yeye, kwenye jiko lisilo na moshi, akishika samaki mzuri sana.

Hapana. Kati ya samaki kuonekana ameungua na mama kuonekana amejichubua, sitachagua la pili. Kioo chekundu kimerudi kwenye kasha. Cha kijani kinabaki kwa ajili ya kachumbari peke yake, pale ambapo hakuna uso kwenye fremu.

Samaki bado ni tatizo.

14 Februari

Filamu ya tano, kijana wa smoki (soseji za moshi) na mayai pasua na toroli lake, usiku. Kila nikiinua kamera anaacha kazi anakunja mikono kifuani kama mwanamuziki. Nikishusha anaendelea kupasua mayai kwa kasi ya ajabu. Fremu 36, ishirini na tisa kati yake ni mwanamuziki.

20 Februari

Nilimuuliza Nyar Seme jana anaanza saa ngapi hasa, maana kila nikifika saa mbili asubuhi nakuta beseni mbili zimeshajaa. Akasema, njoo uone mwenyewe kama unaweza kuamka.

Saa kumi na nusu alfajiri, Obunga ni giza na cheche. Wanawake wanaochukua mgongo wazi wa kwenda kutembeza mitaani hufika saa kumi na mbili, kwa hiyo kazi kubwa inaisha kabla ya jua. Mwanga wake wote ni taa moja ndogo ya sola iliyofungwa kwenye nguzo nyuma yake, na kivuli chake mwenyewe kinaangukia karai. Nikachungulia ndani. Sikuona kitu. Weusi, na mwako wa moto ukichezacheza juu ya mafuta.

"Mama, unajuaje ameiva na huoni rangi?"

Alicheka. "Rangi ni ya mnunuzi. Mimi nasikiliza."

Akaniambia nisikilize nami. Samaki akiingia, mafuta yanapiga kelele, chwaaa, kwa sababu maji yaliyo ndani ya samaki yanatoka kwa fujo. Yanavyoendelea kutoka, kelele inashuka na mapovu yanakuwa madogo. Yakianza kunong'ona, unamgeuza. Yakikaribia kunyamaza, unamtoa. "Yakinyamaza kabisa, umechelewa. Huyo sasa ni wa kwako na watoto wako."

Sikupiga hata fremu moja. Nilisimama pale na kamera shingoni kama mgeni wa harusi aliyekosea nyumba. Wiki tatu nimehangaika na vioo kutafuta rangi ambayo yeye mwenyewe haitumii. Sauti siwezi kuipiga picha, lakini mapovu yanaonekana.

27 Februari

Filamu ya sita, karibu yote imekwenda. Kuyapata mapovu lazima niinamie karai, na lenzi ya 50 inahitaji sentimita 45 hivi ili ilenge. Mafuta yanaruka na mvuke unapanda. Kioo cha kinga kilishika utando mwembamba wa mafuta ambao sikuuona gizani, na kila fremu imetoka na ukungu, moto umevimba kama taa za gari kwenye mvua. Fremu mbili tu ni nzuri, kwa bahati. Nimejifunza kubeba kitambaa na sabuni ya vyombo, na kufuta kila baada ya picha tano.

Kitu kingine: kwa shata ya 1/15 ya sekunde, mapovu yanayeyuka yanakuwa maziwa. Nahitaji 1/250 ili kila povu lisimame peke yake, na gizani hilo haliwezekani hata nikilala chini.

5 Machi

Mwanga wa alfajiri hapa hauna subira. Tuko chini kidogo ya ikweta, jua linapanda wima, na kutoka giza la kutoona uso hadi jua kuchomoza ni kama dakika ishirini tu. Mwezi huu linachomoza karibu saa kumi na mbili na dakika 45. Nimekubaliana na mama kwamba atabakisha karai la mwisho kwa wakati huo. Yeye hakubadilisha kitu, ni karai ambalo angelikaanga hata hivyo. Mimi ndiye niliyebadilisha saa yangu.

Filamu ya saba nimeipiga kama ya ISO 1600 badala ya 400, yaani kana kwamba inahitaji mwanga kidogo zaidi kuliko kawaida yake, kisha nitaiosha kwa muda mrefu. Mwanga uliingia kutoka ubavuni, chini ya ukingo wa mabati, ukayagusa mafuta. Mafuta yakawa meusi, na kila povu likapata nukta moja nyeupe juu. Nilipiga samaki mmoja tangu alipoingia hadi alipotoka, fremu 14, bila kumwambia mtu chochote. Mkono wa mama unaingia kwenye picha mara tatu tu: kuweka, kugeuza, kutoa.

8 Machi

Nimeosha, dakika 14 kwenye dawa kamili isiyoongezwa maji, nyuzi 20, barafu ya samaki tena. Muuza barafu sasa ananiita daktari. Chembe za picha ni kubwa kama mchanga wa ufuo wa Dunga lakini mapovu yote yapo.

12 Machi

Mvua. Filamu ya nane, Kondele, kijana wa chapati chini ya daraja na watu waliojibanza kando yake wakisubiri kupungua. Aliuza chapati zote kwa nusu saa. Nimeipenda siku hii bila sababu ya kisanii.

16 Machi

Nimempelekea Nyar Seme zile fremu 14, zimechapwa ndogo ndogo. Sikumweleza kitu. Nilizipanga juu ya ndoo iliyofunikwa, nikaketi kwenye benchi, nikaagiza kichwa.

Alipangusa mikono kwenye leso, akainama. Samaki kwenye karatasi bado ni wa kijivu kile kile kilichomkera Januari. Hakukitaja. Kidole kikaanza kutembea bila kugusa.

"Hapa ameingia sasa hivi. Hapa bado. Bado. Hapa ningegeuza… ee, nimegeuza." Akaruka mbili. "Hapa ngoja kidogo." Akafika ya kumi na mbili, ambayo mapovu ni madogo kama mbegu za mtama na yamejikusanya ukingoni mwa mifupa. Kidole kikasimama.

"Toa."

Ya kumi na tatu, ambayo mimi niliiona nzuri kuliko zote kwa sababu mafuta yametulia kama kioo na uso wake unaonekana ndani yake, aliisukuma kando. "Hapo nilikuwa naongea na wewe. Nilichelewa."

Nikamkumbusha kwamba siku hiyo mimi sikusema neno. Akasema basi alikuwa anaongea na mtu mwingine, lakini samaki alichelewa, hilo analiona.

Nimeandika nyuma ya kila picha kwa penseli: bado, geuza, ngoja, toa, umechelewa. Ya kumi na mbili ameichukua, ameibandika kwenye nguzo kwa sindano mbili, chini ya taa ya sola. Filamu mbili zimebaki, fremu 72. Kijana wa chapati anasema yeye hasikilizi kitu, anagusa kwa kidole, na niende Jumanne nione.